Mnada wa Mabeberu Umefanyika Bila Wewe

Mjukuu wangu Kabula, mke mwenzangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla ya kuifungua barua hii, kwa hiyo nimeitikia mapema. Mimi mzima. Goti linauma likitaka, likichoka linaacha.

Mama yako mdogo Ng'washi ndiye anayeandika, mimi ninasema. Watu wa kikundi chetu cha wafugaji wamekuja hapa wakaniomba nieleze mnada wetu wa mabeberu wa mbegu ulivyoanza, ili maneno yangu wayabandike bandani, wageni wasome. Nikawaambia mnada ulianza na Kabula, sasa mimi nikauelezee ukuta kwa nini? Nitamweleza mwenyewe, na nyinyi someni kwa kuchungulia. Kwa hiyo usishangae nikitaja mambo unayoyajua. Tunachunguliwa.

Tena kuna swali lako la kwenye simu. Ulisema, "Bibi, niambie ukweli. Kama mnada unakufa, naomba uhamisho nirudi Mwanza." Nikakwambia mtandao unakatika, sikusikii. Nilikuwa nakusikia vizuri sana. Sikuwa na jibu tu. Sasa ninalo, lakini utanisubiri, maana nikilisema mapema utaacha kusoma.

Nakukumbuka ukimbeba mwanambuzi mgongoni kwa khanga yangu ya kanisani. Mama yako alikuwa kiwandani Nyakato, wewe umebaki kwetu, mimi na babu yako. Mbuzi akizaa mapacha na mmoja akawa dhaifu, basi huyo ni wako. Unamfunga mgongoni, unazunguka naye kwenye mawe huku unambembeleza alale. Babu yako anaita watu waje waone: "Mke wangu mdogo kanizalia mtoto mwenye mkia!" Ulinuna, ukakataa hata uji. Mwanambuzi mwenyewe alikuwa anakukojolea, na khanga ilikuwa yangu, lakini aliyenuna ni wewe.

Na siku ile mkwe wetu alipokuja. Babu yako akaingia zizini, akamtoa beberu aliyewazidi wote, yule mweusi aliyekua mpaka watu wakawa wanasimama njiani kumtazama. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kidole mdomoni. Ukaniuliza, "Bibi, kwa nini tunamla mzuri?"

Nikakujibu, "Sasa mkwe tumlishe kilema?"

Mimi nilidhani umeridhika. Kumbe ulilichukua lile jibu ukaenda nalo shule, ukaenda nalo mpaka chuo cha mifugo, ukarudi nalo ukiwa afisa mifugo wa kata, umevaa mabuti ya mpira, ukatukalisha chini sisi sote.

Wanaochungulia niwaeleze vizuri. Sisi watu wa huku ziwani mbuzi tumefuga tangu tuzaliwe, na kosa letu lilikuwa moja. Beberu akikua haraka, akajaa mgongo, tunamwona ni nyama. Mkwe akija, huyo. Krismasi, huyo. Wachinjaji wa Mirongo, kule mjini, wakipita kijijini wanaelekeza kidole kwa huyohuyo, na sisi tunafurahi, tunamfunga kamba. Anayebaki zizini ni yule ambaye hakuna aliyemtaka, mbavu nje, manyoya yamesimama kama amenyeshewa. Huyo ndiye anayepanda majike yote. Halafu mwaka unaofuata tunakaa tunalalamika kwamba mbuzi wa siku hizi wamekuwa wadogo, labda ni majani, labda ni jicho la mtu.

Ulituambia hivyo kwenye mkutano, mbele ya wazee. Ulisema, "Shikamooni wazee wangu. Samahani kwa nitakayoyasema. Baba wa mbuzi wenu wote mmemla." Watu wakaguna. Masanja, jirani yetu, akauliza kwa sauti, "Huyu mtoto ametumwa na serikali au amejituma?"

Wanaume hawakukuelewa siku ile, Kabula. Waliokuelewa ni wanawake, na nitakwambia kwa nini. Ulitoa ule mzani wa kuning'iniza, ukaufunga kwenye boriti ya banda, ukamtia mwanambuzi ndani ya mkanda wake, akaning'inia miguu inachezacheza. Wanawake wote wakacheka kwa pamoja, maana ni kliniki ile! Hakuna mwanamke hapa ambaye hajamning'iniza mtoto wake hivyo. Na kila mmoja anajua nesi haangalii mtoto mnene wa leo, anauliza, "Mwezi uliopita alikuwa ngapi?" Mtoto anasifiwa kwa kupanda uzito. Mama mmoja akasema, "Kumbe ni hilo tu?" Ukasema, "Ni hilo tu mama. Na kope."

Kope lilikuwa jambo jipya hata kwangu. Unalivuta kope la chini la mbuzi, unatazama ndani. Likiwa jekundu, ana damu. Likiwa jeupe, minyoo imemnywa. Na huku kwetu kwenye majani mabichi ya ufukweni minyoo ndiyo wenyeji, sisi ni wageni wao. Ulitaka kujua beberu yupi anakula majani yaleyale, na minyoo ileile, bila dawa, na kope lake linabaki jekundu. Huyo ndiye mbegu. Akiwa mzuri wa sura, bahati yake. Akiwa mbaya, shauri yake.

Basi kila nyumba ikaleta beberu mdogo mmoja, wa umri mmoja, wakawekwa banda moja, majani mamoja, mashudu ya pamba kwa kipimo kimoja. Nani alijua kwamba watu wazima watageuka wezi? Ulikuwa unapima, unaona beberu wa Masanja anapanda kama ametiwa hamira. Asubuhi moja ukamkuta bandani amejifunika koti la baridi na jua lipo. Ukamwamkia kwa heshima, ukamwambia, "Babu, fungua koti ukae vizuri." Michembe ikamwagika chini, viazi vikavu vya mke wake, vilivyochemshwa na chumvi juu. Mbuzi wote wakamvamia.

"Nilikuwa nakula mwenyewe," akasema.

"Pole babu, umeshindwa kumaliza."

Mwingine angemfukuza. Mwingine angeweka kufuli. Wewe uliweka utaratibu ambao mpaka leo unanifanya nicheke peke yangu nikiukumbuka: hakuna anayemlisha wa kwake. Kila mtu analisha beberu wa jirani, na jirani anasimama pale anatazama. Ukimpunja wa mwenzako, wako naye atapunjwa kesho. Hapo ndipo banda likatulia. Ulikuwa na umri gani wewe? Hata nyumba hujawa nayo, na umeshatujua sote matumboni mwetu.

Lakini nitakalokusifu nalo mpaka nizikwe ni la Bwana Harusi.

Babu yako alikuwa na beberu aliyempa jina hilo, Bwana Harusi, kwa ndevu zake na mwendo wake. Mweupe, pembe zimepinda vizuri, hata mimi nilikuwa nampisha njia. Akaingia kwenye kipimo kama wengine. Mwisho wa kipimo uzito wake ulikuwa umesimama, na kope likawa jeupe kama manyoya yake. Sheria uliyoiweka ilikuwa kwamba aliyeanguka hatoki bandani akiwa dume. Anahasiwa, anarudi nyumbani kuwa nyama. Watu wote walikuwa wamekuja kutazama, na hawakuja kumtazama mbuzi. Walikuja kukutazama wewe utamfanyaje babu yako.

Babu yako akakwambia, "Mke wangu, utaniaibisha mbele za watu?"

Ukapiga goti. Na mabuti yako hayo, kwenye mavi ya mbuzi, ukapiga goti kabisa. Ukamwambia, "Babu, nikimwachia wako, kesho nitamshika wa nani?"

Akamtazama mbuzi wake, akakutazama wewe. Kisha akavua kofia, akampa mtu amshikie, akamkamata Bwana Harusi pembe mwenyewe. Siku hiyo hakula. Krismasi alikula, tena alikula sana, akasema, "Mbegu hana, lakini ladha anayo." Na kuanzia hapo hakuna mtu aliyekuja kwako na maneno ya pembeni, kwa sababu wangesema nini? Mnada wa kwanza wa mabeberu waliofaulu walikuja jirani tu, wakanunua kwa wasiwasi. Wakapata wanambuzi wanaosimama na kunyonya kabla mama hajamaliza kuwalamba. Habari ikavuka maji yenyewe. Wakaja wa Ukerewe, wakaja wa Sengerema, wakaja wa Magu. Mtu akiona ile hereni ya njano tunayomvalisha aliyefaulu sikioni haulizi tena. Babu yako alikufa akiwa anawaambia wageni kwamba mnada ni wa mke wake.

Halafu serikali ikaona unafaa, ikakuchukua. Ndiyo kawaida yao. Ukapelekwa Nachingwea, ambako mimi hata upande wake siujui, nageuka tu nasali. Uliondoka ukiwa unalia kama unaenda jela, na mimi nikakuambia acha ujinga, panda basi. Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda mpaka kuku wakaingia ndani wenyewe.

Sasa nikwambie ya mwaka huu.

Wengi walisema mnada umekwisha. Mvua ilichelewa, majani yakawa ya shida, na afisa aliyekuja baada yako ni mzuri, mpole, lakini ana kata mbili na pikipiki moja. Wakapima wenyewe. Nilikwenda kila walipopima, na fimbo yangu, nikakaa pale mlangoni. Nilijiambia naenda kulinda kazi yako.

Siku ya mnada akaja mnunuzi kutoka mjini, amejenga Kiseke na ana shamba lake huko Misungwi. Gari zuri, miwani, adabu anayo, ameniamkia vizuri. Akapita kwenye mabanda, akasimama mbele ya beberu wa Masanja. Na kweli Kabula, ni mnyama wa kupendeza, mwekundu, kifua kimejaa. Ila alikuwa ameanguka kope, na alikuwa anasubiri kuhasiwa. Yule mnunuzi akasema, "Mzee, huyu namtaka hivihivi alivyo. Bei sema wewe. Na hereni mnivalishie tu, mnazo."

Watu wakamgeukia Masanja. Wewe hupo. Afisa hajafika. Masanja ni mtu wa koti na michembe, na mwaka huu shamba halikumpa kitu. Nikamtazama, na moyo wangu ukawaza vibaya. Nilisikia ndani yangu sauti inasema: mwache akubali. Akubali, mnada uoze, nimpigie Kabula simu, mtoto arudi nyumbani.

Ng'washi ameacha kuandika ananiangalia. Andika, mama. Ndivyo ilivyokuwa.

Masanja akamgeukia yule bwana, akamwambia, "Huyu ni nyama. Ukimpenda nakuuzia, lakini tunamhasi kwanza ukiona. Mbegu ni yule kule."

Akamwonyesha yule wa kwanza wa mwaka huu, kijivu, sikio moja limechanika, uso kama wa mdaiwa. Mnunuzi akacheka. "Yule?"

"Yule. Huyu wangu ni wa kuangalia tu. Nimemlisha beberu wa mwenzangu msimu mzima, na aliyeshinda ni huyohuyo niliyemlisha. Unafikiri sijaumia?"

Watu wakapasuka kwa kicheko, na yule bwana naye akacheka, akaondoka na kijivu kwenye gari lake zuri. Masanja akamshika pembe wa kwake mwenyewe, hakuombwa. Aliponipita nikamwambia, "Masanja, leo umekuwa mtu." Akanijibu, "Bibi wa Kabula, nilikuwa mtu siku zote, mlikuwa mnachungulia koti."

Nilirudi nyumbani nikalia. Ng'washi alidhani ni furaha, nikamwacha adhani. Ilikuwa furaha, na ilikuwa vilevile kwamba sababu yangu ya kukuita imeondoka na kijivu.

Basi jibu lako ni hili, na nalisema wanaochungulia wakisikia. Mnada haufi. Umefanyika bila wewe, na hakuna aliyesema "Kabula angesemaje," kwa sababu kila mmoja alikuwa anajua cha kufanya. Kazi yako imefika mahali ambapo haikuiti tena. Usiombe uhamisho kwa ajili ya mbuzi wetu. Umeniambia huko nako wanamchinja anayekua na kumbakiza anayekohoa. Kaa nao. Wasumbue ulivyotusumbua sisi. Atakayekuletea ubishi, mwamkie kwanza, halafu mshinde.

Lakini kuna mimi. Mimi sihesabiwi kwenye kikundi na sivai hereni, na huku kwangu hakuna aliyejifunza kufanya kazi yako. Njoo likizo. Ukishuka kwenye basi, Masanja atataka kukuburuta bandani ukaone mizani mpya. Mwambie Bibi amekataza. Njoo moja kwa moja jikoni, nikutazame, nijue kama umekonda.

Sasa nakuachia hapa, maji ya ugali yamechemka na Ng'washi ananiambia mkono umemuuma.

Mimi bibi yako, mke mkubwa wa nyumba hii, ninayekungoja.