Eksirei Ilimchoma Mama

Jumanne, Kianda

Kumbe kile kidonda cha mgongoni kwa Mama ni eksirei! Siku ile hospitalini walipomzibua mshipa wa moyo, walimmulika kwa miale yake muda mrefu mahali pamoja, na hakuna aliyetuambia. Doa lilipojitokeza, kliniki ya Kawangware wakasema ni choa. Tumepaka dawa ya choa mpaka ngozi ikafunguka.

Leo tumerudi kwa daktari wa moyo. Nikamuuliza kama alijua miale ingemchoma Mama. Akajibu bila haya, "Mashine ilikadiria miale iliyofika kwenye ngozi. Ilikuwa mingi, lakini moyo ndio uliokuwa wa kushughulikiwa haraka."

"Sawa, uliokoa moyo," nikamwambia. "Kwani kutuambia tuangalie mgongo kungekuuma wapi?"

Akaangalia simu yake. Aki huyo mtu!

Mama akanivuta mkono. "Achieng', wacha maneno. Huyu ndiye daktari wangu. Akikasirika nitaenda kwa nani?"

Hiyo ndiyo imeniuma kuliko kidonda chenyewe. Aliyechomwa ndiye anaogopa kukosa adabu.

Sasa amelala kifudifudi, hawezi kugeuka. Namsikia akimwombea yule daktari, tena kwa jina. Anangoja niseme amina.

Sisemi.