Kabla Neema Hajachagua Duka la Dawa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia, na Baba ameacha kubishana na vidonge vyake vya presha. Mimi ni mzima. Huku Morogoro mvua haikatiki, hata milima ya Uluguru imefunikwa yote.

Uliniuliza kwenye simu, mdogo wangu Neema akimaliza chuo cha famasia aombe kazi hospitali au aingie duka la dawa kama mimi. Nilijibu kwa mkato kwa sababu tajiri mwenye duka alikuwa amesimama pembeni. Leo nakujibu vizuri.

Unakumbuka nilivyolalamika nikiwa hospitali. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri, na mimi dirishani kazi yangu ni kusema, "Dawa hii hakuna, kanunue nje." Mmoja wao alikuwa Bi Mwajuma, muuza ndizi wa Kinole, huko milimani. Binti yake Zaituni ana kifafa. Kila nilipomwambia hakuna, alikunja cheti chake cha daktari akasema, "Haya mwanangu, Mungu yupo." Nikachoka. Nilipopata kazi kwenye famasi ya Msamvu, nyumbani mlichinja kuku.

Kweli, famasini dawa zote zipo. Feni ipo, kiti kipo. Siku moja Bi Mwajuma akaingia na cheti kilekile. Nikamtolea dawa nikitabasamu, mara ya kwanza tangu tujuane. Akauliza bei. Nilipomtajia, akasema, "Nikatie vidonge vya wiki tu, mwanangu." Nikamweleza kwamba dawa ya kifafa haikatishwi, ukiikatisha kifafa kinarudi kwa nguvu. Akaitikia kwa kichwa, akachukua vya wiki.

Nilimwomba tajiri tumpunguzie. Hata macho hakuyainua kwenye simu yake. "Sista, hapa siyo misheni. Muuzie anachoweza kulipia. Na acha kutoa somo, unanifukuzia wateja."

Ndivyo elimu yangu inavyotumika dukani, Mama. Mtu akitaka antibayotiki bila cheti, nikakataa, dada wa kaunta anampa nikigeuka, na ukutani jina lililo kwenye leseni ya duka ni langu.

Bi Mwajuma akaacha kuja. Jumapili iliyopita nikanunua dawa zile, nikapanda bodaboda mpaka Kinole. Nilimkuta Zaituni kaketi mkekani, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Kifafa kilimshika akipika, akaangukia motoni. Vidole vimejikunja, na daktari amewaambia havitanyooka tena. Akaniamkia kwa adabu, kisha akaniomba radhi kwamba hawezi kunipa mkono. Yeye ndiye aliyeniomba radhi, Mama!

Mama yake akazipokea dawa. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Kule ulinirudisha kwa kuwa dawa hakuna," alisema. "Huku nikarudi kwa kuwa hela hakuna. Leo umekuja mwenyewe. Karibu uji."

Nikanywa uji wa watu wale. Ningefanya nini kingine?

Mwambie Neema kazi zote mbili zina uchungu, asidanganywe na feni. Ila hospitali nilisema hakuna kwa sababu kweli hakuna. Dukani dawa ipo kwenye rafu nyuma yangu, na mgonjwa bado anaondoka bila dawa. Hiyo ndiyo imenishinda. Jumatatu niliacha kazi. Hospitali wanasema nafasi yangu ilishapata mtu, nisubiri. Kwa hiyo kwa sasa msinitegemee kwa chochote. Baba akikasirika, na akasirike. Ila msomee barua hii yote kwanza.

Nisalimie shangazi wa vitumbua, mjomba fundi baiskeli, na bibi. Mpazie sauti ili asikie vizuri. Neema asiharakishe kujaza maombi. Aje kwanza huku likizo, nimpeleke Kinole, amsalimie Zaituni kwa mkono wa kushoto.

Mwanao anayekukumbuka,
Upendo