Kesi Iko Ghorofa ya Pili

Ofisini, mlango wa kwanza kutoka barabarani
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hamjambo huko? Kifua chako kimetulia, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Na wifi, mguu alioteguka umepona? Mimi mwili ni mzima, ila roho iko juu. Hata chai nimeimimina nikaiacha ipoe mezani.

Nikwambie kinachonikosesha raha. Keshokutwa asubuhi nina kesi ya msusi mmoja, mama wa mtoto wa miaka minne. Mama huyu haoni tangu utotoni. Mtoto kamlea mwenyewe, msafi, kashiba, mbishi kama wewe. Sasa baba mtu, waliyeachana zamani, anamtaka mtoto. Hoja yake ni moja tu: asiyeona hawezi kulea, kwa sababu yeye mwenyewe hafiki popote bila msaada wa watu.

Kesi iko ghorofa ya pili, na lifti imekufa. Nimeomba tuhamishiwe chumba cha chini, naambiwa "tunalishughulikia", wimbo ni uleule. Nisipotokea, upande wa pili utasikilizwa peke yake na mtoto ataondoka. Karani wa mahakama, mtu wa watu, kanitafutia vijana wawili wa kunibeba na kiti changu cha magurudumu. Kaka, nilimshukuru, kisha nikajifungia chooni nikalia. Nitamwambiaje hakimu kwamba ulemavu si mzigo, nami nimefikishwa mbele yake kama gunia la viazi? Wakili wa yule bwana hatahitaji hata kufungua mdomo.

Nimekuandikia badala ya kukupigia simu, tena kwa makusudi. Nakujua. Ukisikia tu, utapanda basi uje uniweke mgongoni. Ulinibeba mpaka darasa la saba, inatosha. Barua hii ikikufikia, mambo yatakuwa yamekwisha.

Unakumbuka baba na mama walipoachana, wazee wakajazana sebuleni kubishana nani abaki na mimi? Nami niko palepale sakafuni! Walinisema kana kwamba na masikio yangu yamepooza. Ni wewe, hata ndevu hujaota, uliyewaambia waniulize mimi. Hapo ndipo nilipoutaka uwakili, na uwakili wa mambo ya familia, si mwingine. Ndiyo maana mlango wangu ni mpana na una mteremko badala ya ngazi, wasioona nawarekodia nyaraka zao wazisikilize nyumbani, na kila Alhamisi yupo mkalimani wa lugha ya alama. Wenzangu hunitania eti nimefungua hospitali. Waache wacheke.

Jana nilimweleza msusi kila kitu, maana kesi ni yake. Akauliza kama ngazi zina mahali pa kushika. Nikasema ndiyo, zina.

"Basi tunapanda wenyewe, wakili. Wewe kwa makalio, mimi nabeba kiti. Tuwahi tu."

Nikamwambia joho litachafuka.

"Kwani halifuliki?"

Kwa hiyo tutapanda. Mikono ninayo, wala si ngazi ninazoziogopa. Naogopa mlango ukifunguliwa hakimu aone ninavyotokwa jasho, aniambie pole, aniagizie maji, na watu wote wanionee huruma. Huruma ikishaingia mle ndani haitaishia kwangu. Itamgeukia yule mama, naye atapewa pole, kisha atanyang'anywa mtoto kwa upole kabisa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Kaka.

Msalimie sana wifi. Wabusu mabinti, hasa yule mdogo anayeniita Shangazi Magurudumu. Mwenyezi Mungu akifungue kifua chako na awalinde nyote nyumbani.

Nami usiniombee nguvu. Niombee tusihurumiwe.

Akupendaye kuliko anavyosema,
Mdogo wako