Bahari ya Madam

Alhamisi usiku, Al-Naseem, Riyadh

Kumbe likizo yangu ndiyo imeliwa hivyo. Jioni Madam, mwajiri wangu, aliniita sebuleni anionyeshe kwenye simu kijiji cha Uingereza ambako yeye na familia yake wamekodi nyumba ya kiangazi. Kina kanisa la kale la wavuvi, duka moja, mkahawa wa samaki, na viti vimepangwa ufukweni watu wakae watazame maji tu.

"Utakuja nasi," akasema. "Si kila siku unalilia bahari?"

Nikajibu, "Haya, Madam." Ningesema nini?

Lakini kiangazi ndipo nilipokuwa niende kijijini kwetu, Kilifi. Na sisi tuna msikiti wa kale, na duka tunalo. Viti hatuna. Nani akae kutazama bahari kama televisheni? Kwetu mtu akitoka safari haingii ndani mpaka mama yake ampeleke ufukweni, amwoshe uso kwa maji ya chumvi huku akimtajia waliozaliwa na waliokufa nyuma yake.

Nimempigia mama sasa hivi. Nilipomwambia siji, akauliza kama bahari ya Wazungu ina chumvi.

Nikasema inayo.

"Basi nawa uso mwenyewe," akasema. "Majina nitakutajia kwa simu. Yamekuwa mengi."