Dawa Iliyotunzwa Chunguni

Kijiji cha Gitting,
S.L.P. 31,
Katesh, Hanang.
18 Mei 1986

Mpendwa mdogo wangu Fransiska,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Unaendeleaje na joto la Morogoro? Kifua kimepona? Sisi ni wazima, ila baridi ya mwaka huu imemkaza Mama magoti.

Barua yako tuliisoma wote. Ulipoeleza kwamba maabarani mnawadunga panya oksitosini, ile homoni ya ubongo ambayo siku hizi hutengenezwa pia kiwandani, Mama aliuliza, "Kwani hao panya wana shida gani?" Sasa haulizi tena.

Wifi yako Genoveva alijifungua mtoto wetu wa kike tarehe 2 asubuhi, pale zahanati. Mtoto alilia vizuri, lakini damu ya mama yake haikukoma. Nesi Perpetua, aliyehamishiwa hapa kutoka Songea, alisema kizazi kimelegea, kinahitaji hiyo hiyo oksitosini.

Dawa hiyo hutunzwa kwenye baridi. Friji la zahanati linatumia mafuta ya taa, na kamati ya kijiji ilikuwa imenituma mimi kuyafuata kwenye ghala la shamba kubwa la ngano. Niliahirisha wiki nzima kwa sababu ya palizi. Friji likazimika.

Nikamwambia, "Nesi, dawa imeharibika, na kosa ni langu."

Nesi alimwacha mhudumu akimkanda Genoveva tumbo, akakimbia nyumbani kwake, akarudi na vichupa vya dawa ndani ya kitambaa kibichi. Friji lilipozimika alikuwa amevihamishia kwenye chungu cha maji, sakafuni chumbani kwake. Akamdunga Genoveva pajani. Damu ikapungua, halafu ikakoma.

Ndipo akasema, "Sikuwa na hakika kama bado ina nguvu. Kesho fuata mafuta."

Sikungoja kesho. Hermani, dereva wa trekta, alinichukua mchana ule ule.

Utuandikie dawa hiyo hukaa muda gani bila baridi. Nesi anataka kujua.

Genoveva hakujua habari ya mafuta. Alipopata nguvu nilimweleza mwenyewe. Siku tatu hakuniachia mtoto nimshike. Ya nne alinipakatisha mtoto, akatoka kuota jua.

Msalimie shemeji Tomaso na shangazi Ernestina. Mama anakubariki, na Mungu aitunze mikono yako katika kazi hiyo.

Kaka yako akupendaye,
Bura