Nyekundu ya Mtani

Jumanne, 8 Julai 2025

Kompyuta imegoma. Taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi. Nimechomoa, nimechomeka, nimepuliza, nimesoma Bismillahi. Kioo cheusi! Nimeazima kioo cha jirani wa stationari, nacho cheusi. Basi ni kadi ya picha. Ile ya kijani aliyoinunua marehemu baba, miaka sita tunakula kwayo.

Nimefungua boksi. Vumbi la njano kila kona. Salfa! Kaka Suleimani ameweka mifuko mitatu nyuma ya mlango wa studio, ati isinyeshewe. Mvua gani Julai hapa Newala? Nimemwonesha. Akasema hata baba alikuwa anaweka salfa ya mikorosho humuhumu. Nimeendelea kufuta vumbi, maana ningefungua mdomo ningetukana.

Kazi iliyokwama humo ni moja tu, video ya kijiji cha Mnyambe. Stamili alivyotoka unyagoni Jumamosi.

Jumatano, 9 Julai

Mama Stamili kaja kabla sijanywa chai. Nilidhani kaja kudai video. Kumbe ana jambo zito zaidi.

Mama yake mzazi, Bibi Bimdogo, amelazwa hospitali ya Ndanda. Tumbo. Jumatatu asubuhi apasuliwe. Siku ya mwali kutoka, bibi alikuwa wodini, na ndiye aliyemlea Stamili, ndiye aliyemfundisha kucheza. Sasa bibi kagoma. Fomu ya kukubali upasuaji ameletewa mara mbili, kuweka dole gumba hataki. Anasema hafungwi macho na dawa za watu kabla hajamwona mjukuu wake anacheza. Kumpeleka Stamili mwenyewe haiwezekani, somo wake wa unyago kakataa katakata: mwali aliyetoka juzi hapelekwi kwa wagonjwa.

Nikamwambia, Jumapili jioni bibi ataona. Nimeahidi na kompyuta imekufa! Ulimi huu utaniponza.

Nimejaribu kwenye simu. Faili za kamera kubwa hazifunguki. Nimejaribu tena. Hazifunguki.

Kaka anataka kijani tena. Kampuni ileile ya baba, hata kama ni ya kusubiri kutoka Dar wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo bibi atakuwa ameshazikwa na dole gumba lake. Nikamwambia pia kuna zile za kampuni ya nyekundu, watu wanazisifu. Akashika jezi yake ya Yanga kifuani, hana utani: "Nyekundu haiingii nyumba hii." Mtu mzima, ana watoto watatu! Kadi itajuaje anashabikia nini?

Alhamisi, 10 Julai

Masasi na kurudi. Nimechoka.

Fundi Kasiani alikuwa na mbili tu dukani. Ya kijani, mpya, memori GB nne, laki sita na nusu. Ya nyekundu, mtumba, memori GB nane, laki nne na nusu. Nilikuwa nimeshasoma vipimo vya watu mtandaoni. Video ya sherehe ya saa moja, kijani ile inaitoa ikiwa tayari kwa dakika hamsini, nyekundu kwa thelathini. Rahisi kuliko mwenzake na mbio kuliko mwenzake. Hapo unahitaji kuuliza jina la kampuni la nini? Nembo haihariri video.

Kasiani ni mtani wetu, ukoo kwa ukoo, tangu mababu. Kwenye msiba wa baba alijilaza mlangoni akasema hatoki mpaka apewe mguu wa mbuzi. Kwa hiyo nilipoishika ile nyekundu akaanza mambo yake.

"Usiichukue hiyo, mchawi wee. Ilikuwa Dar inachimba zile sarafu za mtandaoni, miaka miwili usiku na mchana. Feni moja ina kikohozi."

Nikamwambia wewe ndiye mwenye kikohozi, na ukifa ubwabwa wako naula mimi. Tukacheka. Nikalipa. Wakati anafunga boksi akarudia, "Imechoka hiyo, utanitafuta." Nikacheka tena. Mpaka nafika stendi nacheka.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeifunga. Kioo kikawaka! Nimeruka peke yangu kama kichaa. Picha zote zipo. Stamili yupo, amepakwa poda, mwavuli juu.

Nikamwita Kaka aone. Akaja, akatazama boksi la kadi lenye rangi nyekundu, akasema, "Baba angekuona." Akatoka. Maneno mawili na yameniuma mpaka sasa. Kama vile nimemuuza baba! Baba alinunua kijani kwa sababu mwaka ule ndiyo iliyokuwa nzuri na hela ilitosha. Nilikuwepo. Aliuliza bei maduka matano.

Mifuko ya salfa lakini kaihamisha. Hakusema, nimeikuta haipo.

Jumamosi, 12 Julai

Nimehariri tangu alfajiri. Inakwenda kama maji! Saa nane mchana nikabonyeza itoe video nzima. Asilimia kumi. Ishirini. Thelathini na tano. Arobaini na moja, ikaanza kukohoa. Kweli kabisa, kho, kho, kho. Feni moja ikasimama. Harufu ya moto. Kompyuta ikajizima.

Nimeipoza, nikarudia. Thelathini na nane. Ikajizima.

Nikampigia Kasiani. Nimemfokea mpaka jirani wa stationari kachungulia. Yeye katulia tu.

"Si nilikwambia? Mara mbili! Miaka miwili Dar, feni ina kikohozi."

"Ulikuwa unatania!"

"Dada Faidha. Sasa mtani nikitaka kusema kweli, nisemee mdomo gani?"

Kasema nirudishe Jumatatu, atabadilisha feni bure. Jumatatu ya nini?

Mimi ndiye niliyemcheka Kaka kwa kufuata rangi. Nilipima memori, nilipima dakika, nilipima bei. Mtu aliyeniambia ukweli wote sikumpima. Nina hasira na nafsi yangu na sina wa kumwambia.

Jumapili, 13 Julai

Saa nne asubuhi. Nimeacha video nzima. Nimekata dakika kumi na mbili, Stamili anacheza tu, mwanzo mpaka mwisho.

Saa sita. Ikajizima kwenye sitini. Madirisha yote wazi, upepo wa ukingoni mwa mlima unaingia na baridi yake, lakini ndani ya boksi haufiki. Inataka feni ya mezani. Nani Newala ana feni? Sisi watu wa kuoga maji ya moto. Nimeuliza nyumba saba.

Saa saba. Mama Stamili kapiga kutoka wodini. Wamemletea bibi fomu mara ya tatu. Amekunja kidole gumba ndani ya kanga, hakitoi. Kaniuliza, mwanangu inakuja? Nikasema inakuja.

Saa nane na robo. Nimemweleza Kaka kila kitu. Kikohozi, mtani, kila kitu. Nilisubiri aniambie si nilikwambia, nilistahili. Katoka nje. Nikajua ndiyo basi, kaondoka.

Karudi na ungo wa mama.

Nimeipunguza mbio isichemke haraka, nimebonyeza tena. Kaka kapiga magoti mbele ya boksi na jezi yake ya Yanga, anapepea. Pikipiki iko nje, mafuta tayari, tableti kwenye begi. Asipoondoka saa tisa na nusu, Ndanda hafiki muda wa kuona wagonjwa.

Arobaini na mbili. Imepita.

Sitini. Imepita! Naandika kwa sababu nisipoandika nitaishika.

Saa tisa na dakika tano. Sabini na nne. Feni iliyobaki nayo inakohoa. Kaka jasho linamtoka, kwa baridi hii. Nimemwambia anipe ungo apumzike, ana safari. Hataki. Kainama mpaka pua inakaribia kugusa boksi, anaiambia kwa sauti ndogo, "Jikaze, nyekundu yangu. Jikaze."

Themanini na tisa.