Kisanduku cha Mzio

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu,

U mzima? Kifua chako vipi na baridi ya huko? Sisi hapa tunasukuma siku. Miguu yangu inavimba kwa sababu ya kile kiti cha masjala, na baba yako anakohoa ila ukimwambia aende akapimwe anajitia hamnazo, eti kukohoa ni mazoezi.

Haya, salamu zimekwisha. Naandika nikiwa na hasira, nakwambia mapema usije ukasema hukuonywa.

Alhamisi seremala mmoja alichomwa sindano ya penisilini hapa hospitalini. Midomo ilimvimba mpaka akashindwa kutaja jina lake. Wamemuwahi, yuko kwake anapumzika. Lakini mzio wake tulikuwa tunaujua! Niliuandika mimi mwenyewe siku alipokuja kujisajili. Niliuandika kwenye kile kisanduku ulichokiweka chini kabisa ya fomu ya mgonjwa katika ile programu uliyotujengea, baada ya anwani, baada ya ndugu wa karibu, baada ya "maelezo mengine". Skrini ya chumba cha sindano ni ndogo. Muuguzi asiposhuka na kipanya mpaka mwisho hakioni, na akiwa na watu arobaini mlangoni atashuka saa ngapi?

Daktari mkuu ameniita. Anataka kisanduku cha mzio kipandishwe juu, kando ya jina, kiwe kikubwa na chekundu. Ametoa wiki mbili. Kisipokuwepo, programu yako nzima inazimwa tunarudi kwenye majalada ya karatasi. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba hiyo ni kazi ya dakika tano. Si ulinifundisha mwenyewe? Unafungua fomu kwenye kichoraji, kile chombo cha kupangia sura ya fomu, unakishika kisanduku, unakiburuta, unakiacha unapotaka, unahifadhi.

Basi nafungua. Fomu nyingine zote zinakubali. Hii ya mgonjwa naletewa ukurasa mweupe na mstari mwekundu: "Fomu hii imeshindwa kuonyeshwa. Wasiliana na fundi." Ajabu ni kwamba programu yenyewe ukiiendesha, fomu hiyo hiyo inafunguka vizuri, wauguzi wanaitumia kutwa. Kichoraji peke yake ndicho kinachokataa.

Fundi ni wewe. Nifanyeje?

Mama yako


Alhamisi, 7 Machi

Mama,

Shikamoo. Kifua kimeachia, nashukuru, kazi mpya inaendelea. Mwambie baba aache ubishi aende akapimwe. Seremala nimemhurumia sana.

Hilo la kichoraji ni jambo la kawaida, usilitie moyoni. Mara nyingi kinashikilia mabaki ya zamani. Funga kila kitu, nenda kwenye kabrasha la programu, futa yale makabrasha mawili ya matokeo, halafu ijenge upya yote. Kikikataa, ondoa kichoraji kwenye kompyuta ukiweke tena. Na tafadhali usihamishe vitu kwa kubadilisha namba ndani ya faili la fomu, lile faili kichoraji kinaliandika chenyewe na hakipendi mkono wa mtu.

Kingine. Kama haya yote yatashindikana, mwambie Suti aniandikie. Yeye, siyo wewe. Huyo Suti, mkuu wa utawala mzima, alinipa barua ya mistari miwili kwamba mkataba wangu hauendelei, na wiki ile ile akasimama mbele ya wageni na tai yake akawaonyesha programu "tuliyoitengeneza". Aliitengeneza wapi? Aandike barua yenye muhuri, aseme wanamhitaji fundi aliyeijenga. Nitakuja mbio.

Mwanao


Jumanne, 12 Machi

Mwanangu,

Natumaini unalala vizuri, maana mimi silali.

Makabrasha nimeyafuta. Nimejenga upya. Nimezima, nimewasha. Kichoraji nimekiondoa na kukiweka tena, kazi ya siku mbili kwa mtandao huu wa kwetu unaokuja na kuondoka utakavyo. Mstari mwekundu upo pale pale, unanitolea macho.

Na ndiyo, nilikwenda nikabadilisha namba ndani ya faili kwa mkono. Usinikaripie. Kisanduku kiliruka kikakaa juu ya jina la mgonjwa, na kwa nusu ya asubuhi hospitali nzima ikawa inatibu watu wasio na majina. Daktari mkuu amenipiga marufuku kugusa tena mpaka kichoraji kifunguke nione ninachofanya.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Naandika kwa kalamu, kwenye karatasi, jina la kila mgonjwa mwenye mzio, na karatasi inabandikwa ukutani chumba cha sindano. Wagonjwa elfu sita na zaidi, na kila mmoja lazima nimfungue nishuke mpaka chini nimsome. Nimeanza na A. Leo nimefika D. Mkono wangu umekufa ganzi.

Halafu unaniletea habari za Suti! Mimi nakwambia mtu kavimba midomo, wewe unaniambia tai. Suti hata hajui kichoraji ni kitu gani, ukimwambia atadhani ni mtoto wa chekechea. Nakuomba mimi. Kuombwa na mama yako hakutoshi mpaka kuwe na muhuri?

Nijibu upesi.

Mama yako


Jumatatu, 18 Machi

Mama,

Shikamoo. Samahani nimechelewa, kazi zilinibana. Baba amekwenda?

Jaribu kwenye kompyuta nyingine, ile ya duka la dawa. Wakati mwingine ni kompyuta tu.

Mama, umezidi hasira. Kama ni jambo zito kiasi hicho, mbona Suti hajaandika? Wakiona uzito wataandika. Kila mara wewe unawaokoa, ndiyo maana hawaoni haja ya mtu yeyote.

Mwanao


Jumamosi, 23 Machi

Wewe,

Salamu leo sina. Baba yako mzima, mimi mzima, basi.

Jumanne Mwalimu wako wa hesabu alikuja na kidonda mguuni. Yule yule aliyekuwa akikubakiza darasani wenzako wakienda kucheza, kwa sababu alisema kichwa chako si cha kupotezwa. Alipitia kwangu masjala, akaniuliza habari zako, nikamwambia mtoto kapata kazi nzuri, akafurahi akanishika mkono. Akaenda chumba cha sindano. Muuguzi akatazama ukutani. Orodha yangu ilikuwa imefika K. Jina la Mwalimu linaanza na S. Akachomwa penisilini, na mzio wake umo kwenye kisanduku kile kile.

Alianguka kabla hajashusha mkono wa gauni. Pumzi ilikatika. Walihangaika naye mpaka ikarudi, lakini hajafumbua macho mpaka leo, siku ya tano.

Sikiliza sasa jambo linalonila. Wiki mbili za daktari mkuu ziliisha Jumatatu. Alitaka kuzima programu siku hiyo hiyo. Ni mimi niliyekwenda ofisini kwake nikamwomba siku tatu zaidi, nikamwambia mwanangu hawezi kuniangusha, jibu lake liko njiani. Angezima, Jumanne Mwalimu angekuja na jalada la karatasi lenye wino mwekundu juu yake. Nilikutetea. Jibu lako lilikuwa nijaribu kompyuta ya duka la dawa.

Niliijaribu hiyo ya duka la dawa pia. Mstari mwekundu ukatoka. Nikaukodolea macho pale, nikausoma kwa mara ya mia. "Wasiliana na fundi." Kisha nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza siku ya kwanza: kichoraji hiki kimejifunza lini Kiswahili? Menyu zake zote Kiingereza. Makosa yake yote Kiingereza, kila siku nakaa na kamusi. Kosa hili moja tu ndilo linaloongea kama sisi nyumbani. Kuna mtu aliliandika.

Nikaanza kumtafuta huyo mtu. Nilisoma kwamba kichoraji, kabla hakijakuonyesha fomu, kinakiamsha kwanza kila kitu kilichomo ndani yake, kimoja kimoja, kwa kuendesha msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila kimoja. Na kwamba unaweza kukifungua mara mbili, kimoja kikawa kinafanya kazi na kingine kinakitazama, kikuonyeshe pale kinapojikwaa. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, nimesoma hayo mwenyewe na miwani yangu iliyofungwa kwa uzi. Nikafungua viwili. Cha pili kikasimama kwenye mstari mmoja ndani ya kile kidirisha cha picha ya mgonjwa, kidirisha ambacho hakipo kwenye fomu nyingine yoyote.

Mistari sita. Imeandikwa kwamba kama anayekiamsha ni kichoraji, na jina la kompyuta si lile la kompyuta yako, kitoe kosa. Na tarehe iko pale: siku yako ya mwisho kazini.

Ulifunga mlango ukaondoka na ufunguo. Halafu ukaniacha nifute makabrasha, niondoe, niweke, nijenge upya, ukijua. Majuma matatu unanichezesha, mimi!

Muuguzi amesimamishwa kazi. Wanasema uzembe. Amefanya kazi miaka kumi na minane hajawahi kukosea sindano.

Andika kwa daktari mkuu. Eleza ulichofanya, kwa jina lako. Nakupa mpaka Ijumaa.

Mama yako, kwa bahati mbaya ya leo


Jumatatu, 25 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimekaa chini sakafuni, nimeshindwa kwenda kazini.

Sikuwahi kutaka mtu aumie. Mama, unajua walivyonifanyia. Miaka mitatu nimeijenga ile programu, walivyonitoa hata mlinzi wa getini aliambiwa, akanizuia nikirudi kuchukua koti langu. Nilitaka siku moja tu wakwame waseme, "Mwiteni." Nilifikiri watakwama kwenye jambo dogo, rangi, nembo, kitu cha Suti. Hata sikufikiri kama ni wewe utakayekuja kukaa kwenye ile meza yangu. Na ulipoandika mara ya kwanza niliona aibu kukwambia. Kila siku iliyopita aibu ikazidi. Nikasema nitamwambia kesho.

Hii ya barua kwa daktari mkuu naomba tuizungumze. Waajiri wangu wa huku wakipata habari, kazi imekwisha, na sidhani kama nitapata nyingine ya kugusa kompyuta za watu. Mistari umeshaiona. Ifute, jenga upya, fomu itafunguka. Hakuna atakayejua iliwahi kuwepo. Muuguzi watamsamehe tu, wauguzi ni wachache, watamrudisha wenyewe.

Nisamehe Mama. Nipe muda.

Mwanao


Jumatano, 3 Aprili

Mwanangu,

Hujambo. Baba yako amekwenda kupimwa, ni mapafu yamepata maji kidogo, anapewa dawa. Hajui lolote kuhusu barua hizi. Utamwambia wewe.

Ijumaa nilisubiri mpaka ofisi zikafungwa. Jumamosi nikasubiri tena, nikijiambia labda mtandao. Unaona jinsi mama alivyo mjinga. Jumatatu asubuhi nikachapisha ile mistari sita kwenye karatasi, nikapanda kwa daktari mkuu, nikaiweka mezani kwake na barua zako zote, pamoja na hiyo ya mwisho inayosema wauguzi ni wachache.

Alisoma yote mbele yangu. Kisha akauliza, "Na siku tatu ulizoniomba?" Nikamwambia hizo ni zangu, aziandike kwa jina langu.

Kwa hiyo na mimi nimepewa barua. Nimerudishwa dirisha la mapokezi, kompyuta hiyo siigusi tena. Yako itakufikia, wanasheria wao wana anwani yako, niliwapa mimi.

Kabla ya kukabidhi meza waliniruhusu nimalize kazi, daktari mkuu akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nikafuta mistari sita. Fomu ikafunguka. Nikakishika kisanduku, nikakiburuta juu, nikakipanua, nikakipaka rangi nyekundu, nikahifadhi. Nilipima kwa saa ya ukutani: dakika nne. Nimeikasirikia hiyo saa kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na wewe umo.

Muuguzi amerudi kazini jana. Nilisimama mlangoni nimwombe radhi, kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Akanipita. Ana haki.

Mwalimu amefumbua macho siku ya kumi. Leo nimekwenda kumwona. Anaongea taratibu, anakula, ananitambua. Ila daktari amesema pumzi ilikatika muda mrefu. Binti yake alikuwa amepanga vijiko vitatu juu ya shuka, anamwuliza, "Mama, hivi ni vingapi?" Mwalimu akavitazama. Akavigusa kimoja kimoja, akaanza tena. Mwisho akanigeukia mimi, akatabasamu, akasema:

"Mwulize mwanao. Yule anajua hesabu."

Mama yako